Kuongoza kwa Kusudi: Jinsi ya Kuishusha Nia Kutoka Maombini Hadi Kikaoni

Kiongozi anaamka alfajiri, anaomba, anasoma Neno, anaahidi mbele za Mungu kwamba leo atawasikiliza watu wake. Saa nne asubuhi anamkatiza wa kwanza hajamaliza hata sentensi. Saa nane mchana ameshamfokea wa pili. Usiku anatubu, na kesho yake ni yale yale.

Wengi wakifika hapo huona imani yao ni haba, wakaongeza maombi au mfungo. Mara nyingi kasoro haiko huko. Iko njiani, kati ya goti na kikao: nia haikupewa saa, mahali, wala kitendo cha kuanzia. Hatua nane zilizo hapa chini zinaziba pengo hilo kwa siku 70. Zinamfaa mchungaji, mwenyekiti wa kikundi, mkuu wa idara au yeyote mwenye watu anaowaongoza.

Kwa nini 70? Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010, waliona tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 hadi ikaanza kujiendea yenyewe. Kulikuwa na aliyetumia siku 18, na aliyekadiriwa kuhitaji 254. Basi usijihukumu wiki ya tatu.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la karatasi. Simu haifai, maana ujumbe ukiingia tu tafakari imekwisha.
- Kadi tatu ngumu zinazoenea kiganjani.
- Kalenda unayoitumia kweli, si ile ya ukutani.
- Biblia.
- Dakika 20 asubuhi na dakika 7 jioni.
- Mtu mmoja wa kukuhoji mara moja kwa wiki. Asiwe chini yako kikazi, kwa sababu hatakuambia ukweli. Mume au mke naye usimpe kazi hii. Ana mengine ya kukuambia.

Kama huna mtu wa kukuhoji, mtafute kabla hujaanza. Bila yeye, watu wengi huishia hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Kagua ukuta kabla ya kujenga (siku ya 1 hadi ya 7)

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta zilizobomoka bila kumwambia mtu alilokusudia (Nehemia 2:11–16). Fanya hivyo na wiki yako.

Chora safu tatu daftarini: saa, nilikuwa na nani, nilifanya nini. Andika mara tatu kwa siku, si usiku tu, kwa sababu kumbukumbu ya usiku hutupendelea. Ulipokuwa na haraka, weka herufi H pembeni. Alama hiyo itakuja kuzungumza yenyewe.

Onyo: wiki hii usirekebishe kitu wala usitangaze. Ukitangaza mapema utapata pongezi za kazi ambayo hujaifanya, na pongezi hizo hushibisha.

Utajua umefaulu ukiona mahali pawili au patatu panapovunjika kila mara. Mfano: kikao cha Jumatatu, mtu fulani mmoja, na nusu saa ya mwisho kabla ya kuondoka. Ukiona mahali kumi na viwili, unaandika hisia badala ya matukio. Rudia.

## Hatua ya 2: Andika nia moja tu

Chukua mahali panapovunjika zaidi, kisha kamilisha sentensi hii: *Kwa ajili ya (nani), nitakuwa mtu anaye(fanya nini), hasa wakati (hali gani).*

Mfano: "Kwa ajili ya vijana ninaowaongoza, nitakuwa mtu anayemaliza kusikiliza kabla ya kujibu, hasa wakati wanaponipinga."

Ipitishe kwenye vichujio vitatu:

1. Ipo mikononi mwako? "Nataka waniheshimu" iko mikononi mwao.
2. Mtu aliyekaa kona ya chumba angeiona? "Kuwa mnyenyekevu" haionekani. "Kumaliza kusikiliza" inaonekana.
3. Inamtumikia nani? Soma Marko 10:42–45, kisha ujiulize: ikifanikiwa na hakuna atakayejua ni wewe, bado unaitaka?

Kichujio cha tatu ndicho hukwamisha wengi, na ni vizuri kikukwamishe sasa kuliko mwezi wa pili.

Usiandike nia tatu. Anayefukuza sungura wawili tunajua anarudije nyumbani.

## Hatua ya 3: Ifanye sala iwe mahali pa kuamua

Katika Marko 1:35–38 Yesu anatoka alfajiri kuomba. Wanafunzi wanamfuata: watu wote wanamtafuta. Jibu lake ni kwamba twendeni mahali pengine. Alitoka maombini akiwa na "hapana" mkononi, tena kwa jambo jema. Sala isiyogusa ratiba ya siku hiyo inamwacha kiongozi akiongozwa na wa kwanza kugonga mlango.

Gawa dakika 20 hivi:

- Dakika 3: kimya. Pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Mwili ukitulia, akili nayo huacha kukimbia.
- Dakika 5: kifungu kifupi, kisizidi mistari 10. Soma mara mbili.
- Dakika 8: fungua kalenda mbele za Mungu. Pita kila miadi ya leo, mtaje kwa jina utakayekutana naye, uliza anahitaji nini kutoka kwako.
- Dakika 4: andika mstari mmoja: leo nia yangu itajaribiwa wapi, saa ngapi.

Hizo dakika 8 ndizo watu huziruka, wakiona kalenda si jambo la kiroho. Zikirukwa, hatua hii haina kazi.

Utajua inafanya kazi ukianza kuingia vikaoni ukiwa umeshawaombea walio ndani. Uso wako hubadilika, na watu husoma uso kabla ya maneno.

## Hatua ya 4: Kadi ya "ikiwa… basi"

Hapa ndipo saikolojia inatusaidia kuliko mahali pengine popote. Peter Gollwitzer alionyesha kwamba nia ya jumla ("nitafanya X") ina nguvu ndogo kuliko mpango uliofungwa kwenye ishara ("hali Y ikitokea, nitafanya X"). Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94, na tofauti haikuwa ndogo. Sababu yake ni rahisi: ukishafunga kitendo kwenye ishara, ishara yenyewe inakukumbusha. Hutegemei tena utashi wakati ambapo hasira imeshaukalia.

Nehemia analo jambo la kufanana nalo. Mfalme alipomuuliza anataka nini, kati ya swali na jibu aliomba (2:4). Sala ya sekunde chache, mahali pake hasa.

Linganisha kadi hizi tatu:

*"Nitakuwa mvumilivu kikaoni."* Haina ishara. Itasahaulika.

*"Mtu akinipinga, sitafoka."* Ina ishara, lakini kitendo chake ni katazo. Katazo hukuwekea akilini kile kile unachokikimbia, na mwili hauna la kufanya mahali pake.

*"Mtu akinipinga mbele ya wengine na nikasikia shingo inapata joto, naweka kalamu mezani, naomba kimoyomoyo 'Bwana, nipe masikio', kisha nasema: 'Hebu endelea, nataka nielewe.'"* Hii inafanya kazi.

Itazame kwa karibu. Ishara yake ni ya aina mbili, tukio la nje na dalili ya mwilini, kwa hiyo ukikosa moja utanasa nyingine. Kuweka kalamu ni kitendo kidogo cha mkono kinachoununua muda. Sala ina maneno matatu. Ndefu kuliko hapo haitoshi kwenye nafasi hiyo. Na sentensi ya mwisho imeandikwa neno kwa neno, kwa kuwa mtu aliyechemka hatungi sentensi, hutoa iliyo karibu.

Ukiandika yako, hakikisha kitendo chote hakizidi sekunde 10. Isome kwa sauti mara tano, kila mara ukifumba macho na kumwona mtu yule, kiti kile, swali lile. Kisha iweke inapotakiwa: ndani ya jalada la ajenda, si kwenye Biblia nyumbani.

Tumia kadi moja kwa wiki mbili za kwanza. Ya pili iingie wiki ya nne, ya tatu wiki ya saba.

Ufaulu wa hatua hii huja kwa mpangilio wa ajabu kidogo. Kwanza utakumbuka kadi baada ya kufoka. Halafu utaikumbuka katikati ya kufoka, na hapo utaona aibu kweli. Baadaye kidogo kabla. Wanaoacha huacha kwenye ile hatua ya katikati, wakidhani wamerudi nyuma.

## Hatua ya 5: Iue hali ya haraka

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba ilihusu Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, 63% walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, 10%. Kubeba hotuba ya Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana.

Rudi kwenye daftari la hatua ya 1, hesabu zile H zilizo jirani na makosa yako.

Fanya haya matatu:

Weka dakika 10 kati ya kikao na kikao. Ziandike kwenye kalenda kama miadi. Bila hizo, hasira ya saa tatu inamwangukia mtu wa saa nne asiyehusika.

Ongeza nusu kwenye kila makadirio. Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wangemaliza tasnifu lini. Makadirio yalikuwa wastani wa siku 34. Ikawachukua takriban 55. Nasi tunakadiria hivyo hivyo, tena kwa kumsingizia Mungu tukiita imani. Kukaa kitako na kuhesabu gharama kumo kwenye Luka 14:28.

Kasimu kazi mbili. Yethro alimwona Musa akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, akamwambia atachakaa yeye pamoja na watu wake (Kutoka 18). Dawa aliyompa ilikuwa na ngazi: wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, kila mmoja na aina ya shauri analoweza kuliamua. Mtu akikwama kwenye kukasimu, kwa kawaida alitoa kazi bila kutoa mpaka wa maamuzi. Mwambie mwenzako mambo matatu: matokeo yanayotakiwa, anachoweza kuamua bila kukuuliza, na siku ya kuleta taarifa. Kisha usimchungulie kabla ya siku hiyo.

## Hatua ya 6: Zungumzo gumu

Kiongozi wa imani ana majaribu mawili hapa. La kwanza ni kuficha woga ndani ya maneno matakatifu: "naliombea tu". La pili ni kusema "Mungu ameniambia" ili mjadala ufe. La pili ni baya zaidi, maana anayekupinga anaonekana anampinga Mungu.

Mathayo 18:15 inaagiza kuanza faraghani, wewe na yeye tu. Panga sentensi ya kwanza iwe tukio lisilo na kivumishi. Usiseme "umekuwa mzembe". Sema kilichotokea, mara ngapi, kisha unyamaze. Mfano, mwenyekiti na mweka hazina wa kikundi:

"Kaka, taarifa ya mapato ilitakiwa Ijumaa. Leo ni Jumanne, na hii ni mara ya tatu."

"Samahani mwenyekiti, nilibanwa kidogo."

Mwenyekiti ananyamaza. Anahesabu hadi saba kimoyomoyo.

"Ukweli ni kwamba stakabadhi zenyewe hunifikia Jumatatu. Dada wa ofisini huzishika mpaka zitimie zote."

"Kwa hiyo Ijumaa haikuwezekana tangu mwanzo."

"Haikuwezekana. Niliogopa kusema."

Kazi yote hapo imefanywa na zile sekunde saba. Angejaza kimya kile kwa mawaidha, angeondoka na ahadi ya nne na tatizo lile lile. Tuna mazoea ya kuona kosa la mwenzetu kuwa ni tabia yake na kosa letu kuwa ni mazingira. Wanasaikolojia wana jina refu la jambo hilo, lakini boriti na kibanzi vinatosha.

Sasa chukua ile "niliogopa kusema". Amy Edmondson, katika utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda uliochapishwa mwaka 1999, aliona timu zinajifunza zaidi pale watu wanapoamini hawataaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa. Imani hiyo hujengwa na mambo madogo ya kiongozi:

- Toa maoni yako mwisho. Ukianza wewe, wengine wataimba wimbo wako.
- Usiulize "kuna swali?" Uliza "ni wapi mpango huu utaharibika?"
- Mtu akileta habari mbaya, neno lako la kwanza liwe "asante". Marekebisho yafuate.
- Kiri kosa lako moja kwa mwezi, la kweli na la karibuni. Kukiri la miaka kumi iliyopita ni ushuhuda, si kukiri.

Onyo: mbinu hizi zinaweza kutumika kuwachezea watu. Ukijikuta unanyamaza ili mtu ajimalize mwenyewe, umeshatoka kwenye nia ya hatua ya 2.

## Hatua ya 7: Dakika 7 za jioni

Desturi ya kupitia siku mbele za Mungu inajulikana sana kupitia Ignatius wa Loyola, wa karne ya 16. Hapa tunaifupisha:

1. Nashukuru kwa nini, kwa jina la mtu au tukio?
2. Ishara ya kadi ilitokea mara ngapi? Nilifuata mara ngapi? Andika kwa tarakimu, mfano 2/5.
3. Niliposhindwa, nilikuwa nasikia nini mwilini na moyoni? Taja hisia kwa neno moja: aibu, woga, uchovu, wivu. Kuipa hisia jina husaidia kuipunguza makali.
4. Nani ninadaiwa msamaha? Saa ngapi kesho nitamtafuta?

Andika "nimefanya vibaya", usiandike "mimi ni mbovu". Ya kwanza inakupeleka kwa uliyemkosea, ya pili inakufanya umkwepe. Ukiruka siku moja, endelea kesho yake. Utafiti ule wa London uliona kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia.

Mara moja kwa wiki, mpe anayekuhoji zile tarakimu. Yeye ana maswali mawili tu: "Wiki hii ni wapi ulikwama?" na "Kadi inahitaji kubadilishwa neno gani?" Asihubiri, na yaliyosemwa yabaki hapo.

## Hatua ya 8: Waulize wanaoongozwa (siku ya 70)

Tarakimu zako zinaonyesha juhudi. Matunda wanayajua wao. Gawa karatasi zisizo na majina, maswali matatu: Nifanye nini zaidi? Nipunguze nini? Ni jambo gani unajua lakini huniambii? Mtu mwingine azichape upya kabla hujaziona, wasije wakajulikana kwa mwandiko.

Soma ukiwa peke yako, subiri saa 24, kisha rudi kwao na jambo moja utakalobadilisha na jingine ambalo hutalibadilisha, ukieleza kwa nini. Ukikusanya maoni ukanyamaza nayo, mara ya pili utapata karatasi tupu. Lile utakalobadilisha ndilo nia ya siku 70 zijazo. Anza tena hatua ya 2.

## Ikikwama

Tarakimu hazipandi kwa wiki tatu. Mara nyingi ishara imechelewa. Ukiona "nikishaanza kufoka", sogeza nyuma hadi dalili ya kwanza kabisa: mguu kutikisika, kutazama saa, kuanza kusema "lakini".

Kadi inafanya kazi kwa wote isipokuwa mtu mmoja. Hapo pana jeraha, na kadi haitibu jeraha. Mlihitaji kupatana kabla ya mbinu.

Watu wanashangaa, hata wanacheka. Kawaida. Endelea kimya kimya, usijieleze.

Unafuata yote, lakini huna nguvu. Eliya chini ya mretemu aliomba kufa (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea wala kumpa kazi; Eliya alilala, naye akamlisha mara mbili, na utume mpya ukaja baadaye sana. Angalia usingizi kwanza: ukilala chini ya saa 6 mfululizo, sitisha hatua zote isipokuwa ya 3, na ulale. Huzuni, kukosa hamu au kukosa usingizi vikidumu wiki mbili karibu kila siku, nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na mwambie pia mchungaji wako. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.